Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Handaki la Chetambe

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mweka hazina amewagawia, kwa hiyo sizigusi, ila wenye malimbikizo ya ada wanajijua. Mwaka huu wote umekwenda kwa kilima kimoja.

Nawaeleza wageni wetu kwa ufupi. Chetambe kiko juu ya mji wa Webuye, magharibi mwa Kenya, pale genge la Nandi linaponyoosha mkono kuelekea kaskazini. Kutoka ukingoni unauona Mto Nzoia na tambarare yote ya miwa, na siku isiyo na ukungu, Masaba yenyewe, yaani Mlima Elgon. Hapo juu mtu wa kabila la Watachoni aliyeitwa Chetambe alijenga lukoba, yaani ngome: ukuta wa udongo, na nje yake handaki. Ngome hiyo ilikusudiwa watu wa mikuki na wezi wa ng'ombe, na wao iliwaweza.

Mwaka 1895 walioingia humo ni Wabukusu, kabila jirani, wakitoka kushindwa na Waingereza kule Lumboka, ngome yao nyingine. Chanzo cha vita kilikuwa bunduki: askari wa Kisudani waliotoroka waliziuza kwa Wabukusu, na kikosi kilichotumwa kuzirudisha kikauawa. C. W. Hobley, ofisa wa Uingereza aliyekaa Mumias, akaja na Wasudani, Waganda na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Walikuja na rashasha. Ukuta wa udongo ungefanya nini? Ndiyo maana mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, dini iliyopinga ukoloni, alipowapandisha wafuasi wake kilimani kuwakumbuka waliouawa humo na Waingereza, serikali ya kikoloni ilishtuka.

Sasa handaki. Tulipolizunguka wakati wa kiangazi, kuna sehemu niliweza kushuka hadi kifuani, na kwingine nilivuka bila kujua nimevuka. Mahindi yamepandwa juu yake. Simlaumu mwenye shamba. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mpaka. Tumekubaliana naye kupanda mkonge ukingoni mvua zikianza, na nawashukuru vijana waliobeba miche.

Kibao bado hakijasimama, na kosa ni letu. Nusu ya kamati inataka kiandikwe ngome ya Wabukusu, nusu ya Watachoni. Mimi naona aliyejenga atajwe kwanza, kisha waliofia ndani, kwa herufi za ukubwa mmoja. Fundi ameshalipwa na anasubiri maneno. Tutapiga kura leo, kabla ya chai.