Mke wa askari na karatasi zake

Mhariri,

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, magazeti huandika habari za askari wetu waliolala Naliendele hapa Mtwara, waliopoteza maisha wakati wa harakati za ukombozi wa Msumbiji. Ni haki yao. Wake zao huachiwa mstari mmoja tu, na neno ni lile lile miaka yote: uvumilivu. Naomba nafasi nieleze kazi yenyewe ya mama huyo na mahali inapokwama, maana mara nyingi hukwama kwenye karatasi.

Wiki hiyo hiyo ya mashada ya maua, mikorosho inachanua. Mume yuko mpakani au kwenye misheni ya kulinda amani Kongo, mama yuko shambani kabla jua halijapanda, umande bado uko kwenye majani na upepo umetulia, ili salfa, dawa ya unga anayopulizia mikorosho, ishike. Mti mmoja ni gramu 250 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko ni mitano, kila baada ya siku 14. Ekari iliyopandwa mita 12 kwa 12 ina mikorosho kama 28. Hiyo ni kilo 7 kwa mzunguko na kilo 35 kwa msimu, yaani mfuko wa kilo 25 na kilo 10 za mfuko wa pili. Akiukosa mzunguko mmoja wakati wa maua, ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe, unaweza kuyakausha na korosho zisishike. Salfa ikichelewa kumfikia, hakuna cha kufidia.

Na humchelewea kwa sababu moja kubwa: shamba limesajiliwa kwa jina la baba. Pembejeo za ruzuku hupewa aliyesajiliwa, na malipo ya mnada huingia kwenye akaunti yake. Mama aliyepulizia, akaokota na kubeba magunia hadi chama cha msingi cha ushirika anaambiwa dirishani amlete mwenye akaunti. Dawa yake ni kumsajili mama mwenyewe kwa jina na akaunti yake, kwa kuwa mkulima ni yeye. Kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina ya mume na mke. Wengine hutegemea hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili. Inasaidia mume akiwa safarini, lakini wengi hawajui kwamba hati hiyo hufa siku ile ile anapokufa aliyeitoa.

Majina nayo yana mzigo wake. Kitambulisho cha jeshi kinasema Saidi, cheti cha ndoa Said, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeongezewa jina la babu. Mume akiwa hai, kiapo kimoja cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja kinamaliza jambo asubuhi moja. Akishafariki, mjane ndiye anayebeba kazi ya kuthibitisha, na huko hupotea miezi. Cheti cha ndoa kiwepo, na jina la mke na watoto wote liandikwe kwenye kumbukumbu za kikosi, hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hiyo.

Mtoto huyo ndiye anayesahaulika siku ya arobaini, familia inapokaa kuandika muhtasari wa kikao. Muhtasari huo unatakiwa uwe na tarehe, majina na saini za waliohudhuria, warithi wote, na jina la anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mrithi mmoja akiachwa, anakuja na pingamizi mahakamani na kila kitu kinasimama. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na wapo wapwa wa marehemu wanaoamini shamba la mjomba ni lao. Mume akiwa ametoka kabila la kufuata baba, wanaokuja ni kaka zake. Kwa vyovyote vile mjane anasukumwa, na kinachomshikilia ni hati yenye jina lake.

Msimamizi naye si mrithi. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha fomu namba 6 ya hesabu ya mirathi kwa muda unaopangwa na mahakama. Wengi hukaa na barua ya usimamizi kama hati ya kumiliki, na wadogo wanaumia.

Kuna pia nyumba. Nyumba ya kambi ni ya mwajiri, na mume akistaafu au akifariki familia inatoka. Akina mama waliolijua hili mapema walianza msingi wakati mshahara bado unaingia, tofali kidogo kidogo kila baada ya msimu wa korosho. Ndio wanaolea wajukuu leo chini ya bati lao.

Kwa watoto wa shule, kila uhamisho wa mume uende na barua ya uhamisho na namba ya mwanafunzi ya PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Mtoto aliyekwisha sajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne ni bora abaki kwa bibi amalize.

Naviomba vyama vya msingi vya Mtwara na Lindi, kabla ya usajili wa msimu ujao, viwaite wake wa askari na kuwaandika kwa majina yao wenyewe.

Msomaji wako,
Naliendele, Mtwara