Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: milimani na kwenye mizani tuwekeeni zege

Mheshimiwa Waziri, salaam, na kama umenizidi umri basi shikamoo.

Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Dar–Tunduma, mara nyingine navuka mpaka naingia Zambia mpaka Kongo, napeleka mzigo na mambo yakienda vizuri narudi na shaba. Sijasomea uinjinia na sitajifanya, ila TANZAM, yaani barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, naijua kwa makalio, na mengine nimeyasoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni, muda wa kusoma sisi tunao mwingi kuliko mnavyodhani huko Dodoma.

Ombi langu ni dogo ukilinganisha na yanayokufikia kila siku. Siombi barabara mpya. Naomba zile sehemu ambazo gari zilizojaa zinatambaa au zinasimama, yaani milimani, kwenye mizani, vituo vya mabasi na makutano makubwa, muache kulaza lami, mmwage zege. Basi. Tambarare endeleeni na lami yenu, gari linapita kwa spidi na lami inavumilia, sina ugomvi nayo.

Naomba nieleze kwa nini nachagua sehemu, maana kuna watu wakisikia zege wanadhani unataka nchi nzima ipigwe zege kesho asubuhi. Lami ikipigwa jua inalainika, hilo hata mtoto anayepita peku anajua. Semi ikipita kwenye tambarare kwa spidi 80 tairi linaigusa lami mara moja na kuiachia, inaminywa kidogo inarudi. Sasa nenda mlima Kitonga, kule Iringa, saa nane mchana. Gari liko gia ya chini, mwendo ni wa mtu anayewahi daladala kwa miguu, tani hamsini na kitu zinakaa juu ya lami ileile ya moto muda mrefu, lami inasogea na safari hii hairudi. Nyuma yangu kuna semi nyingine, na nyuma yake nyingine, na wote tunakanyaga mstari uleule kwa sababu mlimani huna pa kuchepukia. Hapo hata uweke mkandarasi malaika, kwa lami ya kawaida ni suala la muda tu.

Matokeo yake ukiwa juu kwenye kabini unayaona vizuri kabisa. Kuna mifereji miwili ya tairi, katikati lami imebaki juu, pembeni imejikusanya na kuvimba, na ule mstari mweupe wa ukingoni ambao siku ulipochorwa ulinyooka sasa umepinda, maana umesukumwa pamoja na lami yenyewe. Usukani unavutwa. Ukitaka kutoka kwenye mfereji umpishe mtu, tela linagoma kwanza, halafu linachomoka ghafla kwa kishindo na utingo anaamka. Mvua ikinyesha maji hayaendi mtaroni tena, yanashuka humohumo kwenye mifereji, na mwenye gari dogo la IST anayeteremka upande wa pili akiingia kwenye hayo maji tairi zinaelea, akikanyaga breki hakuna kitu. Halafu lawama zinakuja kwetu wenye malori. Sawa, mifereji tumechimba sisi, ila nini kilazwe pale hatukuulizwa.

Na dawa yake tumeizoea. Inakuja mashine inakwangua, inalazwa lami mpya nyeusi inang'aa, bendera nyekundu, foleni ya masaa, tunashukuru. Kuna mlima mmoja, sitautaja maana itaonekana namsema mtu, kila nikitoka likizo nakuta wanakwangua palepale. Hizo hela za kukwangua kila baada ya muda mfupi zinatoka kwenye tozo ya mafuta tunayolipa kila lita, kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

Zege sio kitu kigeni kwetu mheshimiwa. Ukiwa Manzese au Ubungo angalia katikati ya Morogoro Road, ile njia ya kijivu ya mwendokasi ni zege, awamu ya kwanza ya kilomita 20.9 ilianza kubeba mabasi Mei 2016. Basi refu la mita 18 linapita mstari uleule na kusimama kituo kilekile kutwa nzima, na wachora ramani walijua kabisa kwamba hapo lami isingeweza. Sasa swali langu la kijinga ni hili: kama basi la abiria limestahili zege, semi ya tani 56 inayopandisha mlima imekosa nini?

Majirani zetu Nairobi wana Mbagathi Way, wameipiga zege tangu miaka ya 2000, waulizeni. Wahindi barabara kuu ya Mumbai kwenda Pune, ambayo nayo inapanda milima, waliifungua 2002 na ni zege. Na Marekani kuna mji mdogo unaitwa Bellefontaine, Ohio, ulimwaga zege kwenye mtaa wake 1891 na kipande chake bado kipo mpaka leo, japo najua fika hakuna semi za shaba zinazopita hapo, sitaki mniambie nawadanganya watu.

Siri yake ilivyo ni kwamba bamba la zege la sentimita 20 hadi 25 ni gumu, uzito wa tairi hauendi chini moja kwa moja, unasambaa kwenye bamba zima ndio unafika ardhini ukiwa umeshapungua makali. Na jua la saa nane haliliyeyushi. Ndiyo maana watu wanalipangia miaka 30 mpaka 40, wakati lami mara nyingi inapangiwa 15 au 20, na hiyo 20 ni kama kila mtu kafanya kazi yake na kila lori limebeba kinachoruhusiwa.

Hapo kwenye kubeba niseme ukweli hata kama madereva wenzangu watanuna. Wamarekani walifanya majaribio makubwa pale Illinois kati ya 1958 na 1960, wakazungusha malori kwenye barabara za majaribio mpaka zikafa, na kilichotoka ni kwamba uharibifu unapanda kwa uzito wa ekseli ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Yaani ekseli inayoruhusiwa tani 10 ukiipakia 13, hujaongeza uharibifu kwa asilimia 30, umekaribia kuufanya mara tatu. Kwa hiyo mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba ziendelee kutubana, sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya 2016 ni nzuri, na zege lisije likawa kisingizio cha kulegeza, maana hata zege linapasuka.

Tena linapasuka vibaya, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naogopa mtasema ndiyo halafu litamwagwa zege la ovyo na baada ya miaka mitatu mtu atasimama bungeni aseme mnaona, zege halifai Tanzania. Nilishawahi kushusha makontena kwenye yadi moja yenye sakafu ya zege, siitaji, mvua ilikuwa imetoka kukata. Kwenye kila jointi kulikuwa na tope limetapakaa, na sio tope la juu lililoletwa na tairi, rangi yake ilikuwa ya udongo wa chini, mwekundu. Forklift ikipita bamba linazama kidogo upande mmoja, maji ya tope yanaruka juu kupitia jointi, fyaa, likipita bamba la pili hivyohivyo. Maana yake maji yameingia chini na kila gari linalopita linasukuma udongo nje, chini panabaki shimo, na bamba lisipokuwa na kitu chini linavunjika kona. Kona karibu zote za ile yadi zilikuwa zimeshakatika.

Sababu zake zinajulikana. Chini ya bamba wanatakiwa waweke tabaka gumu lisiloyeyuka na maji, changarawe iliyochanganywa na simenti kwa mfano, wao wanamwaga juu ya udongo ulioshindiliwa nusu nusu. Kati ya bamba na bamba zinatakiwa nondo laini za duara, kila moja nusu yake imepakwa grisi ili zege likitanuka na kusinyaa lisogee bila kukwama, na hizo ndizo zinazobeba uzito kutoka bamba moja kwenda la pili. Sasa nondo hizo zikishafunikwa hazionekani tena, na kwetu kitu kisichoonekana ndio cha kwanza kuota miguu saiti. Jointi zinatakiwa kukatwa kwa msumeno mapema, siku ileile au usiku wake, kabla zege halijaamua lenyewe lipasuke wapi, halafu zizibwe maji yasiingie. Na kumwagilia! Angalau wiki nzima zege liwe na unyevu, lifunikwe au lipuliziwe dawa yake, sisi kwenye nyumba zetu tunamwagilia siku mbili tumeshachoka. Bado kuna yule fundi anayeona zege limekuwa gumu kusukuma anaongeza ndoo ya maji, kazi inakuwa laini kwake na zege linakuwa bovu kwetu sote.

Kwa hiyo msimamizi awepo saiti wakati wa kumwaga, sio aje kusaini.

Kuhusu hela najua jibu lililoandaliwa, kwamba zege ni ghali kuanza. Mara nyingi ni kweli. Lakini lami tunaagiza nje, inatokana na mafuta ghafi, dola ikipanda nayo inapanda, wakati simenti tunayo hapahapa. Kiwanda cha Wazo pale Dar wanatengeneza tangu 1966, Tanga ipo, Mtwara kile kiwanda cha Dangote kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na Mbeya kuna kiwanda kipo kabisa njiani kwetu, semi zinazotoka huko na mifuko zinapita kwenye milima hiyohiyo ninayoilalamikia. Kokoto na mchanga ni vya kwetu. Hela inayobaki ndani ya nchi nayo ihesabiwe, maana kwenye tenda sijawahi kuona mtu anaihesabu.

Kitu ambacho sitaki mtuambie ni kwamba zege litazuia mafuriko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na zile mvua, barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na pale hata ungekuwa umelaza zege la nusu mita lingebaki linaning'inia hewani, maana maji yalibeba tuta lenyewe na makalavati. Dawa ya pale ni madaraja makubwa na tuta la juu. Jangwani pale Dar ni hivyohivyo, njia ya mwendokasi ni zege safi lakini mto Msimbazi ukijaa mabasi yanasimama. Faida ya zege kwenye maji ni ndogo tu ila ipo: maji yakishapungua bamba lililojengwa vizuri linakuwa bado lipo, wakati lami iliyolowa ikipigwa na malori inamenyeka na kuacha mashimo.

Kuna ishu ya kufunga barabara, hii ni ngumu kweli na naielewa. Zege linataka siku kadhaa kabla halijabebeshwa mzigo, na mlimani huwezi kufunga njia ya kwenda Zambia na Kongo wiki nzima. Lakini unaweza kufanya upande wa kupandisha kwanza, kipande kwa kipande, na siku za kumwaga zege, malori yanayoweza kusubiri yapitishwe Dodoma halafu Mtera kwenda Iringa, lami ipo. Kama kilomita 200 zinaongezeka, tutalalamika sana, matajiri watapiga simu, ila tutapita. Tumeshalala foleni ndefu kuliko hiyo kwa sababu ya lori moja lililokata propela shafti. Ila tutangaziwe mapema, sio tukute kibao tumeshafika Ruaha Mbuyuni tunanunua vitunguu.

Njia za vijijini milimani, kule Lushoto na kwingineko, najua ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na wako TAMISEMI sio kwako, lakini mkikutana mwambie mwenzako kwamba hata nyayo mbili tu za zege kwenye mwinuko mkali zinamtoa mtu na mgonjwa wake kipindi cha masika.

Ninachoomba sasa hakihitaji bunge wala safari ya mafunzo nje. Mlima utakaofuata kwenye ratiba ya ukarabati wa TANZAM, tenda itangazwe kwa bei mbili, ya lami na ya zege, kila moja ihesabiwe kwa miaka 30 pamoja na viraka vyote, kukwangua kote, na masaa ya foleni, halafu mbandike hizo hesabu kwenye tovuti ya wizara kila mtu azione. Kama lami itashinda kwa hesabu za wazi nitanyamaza. Kama zege litashinda, anzeni na kilomita mbili tatu za upande wa kupandisha, tuzikanyage.

NB: kwenye mizani msiishie kumwaga zege pale gari linapopimwa tu. Foleni ya kusubiri kupimwa ndiyo ndefu, na malori yanasimama hapo juani masaa yamejaa, wekeni na huko.

Dereva wa semi, Dar–Tunduma