Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kikapu: Ile Kona Mnajipeleka Wenyewe

Wanangu,

Jumamosi nilikaa ngazi ya tatu, upande wa jua, tangu mnapasha misuli moto hadi mnatoka uwanjani vichwa chini. Najua ilikuwa mechi ya kujipima nguvu, ligi bado. Ndiyo maana naandika sasa, wakati bado mna masikio.

Hadi mapumziko mlikuwa mbele kwa pointi 11. Nikamwambia jirani yangu, mwaka huu timu tunayo. Robo ya tatu wenzenu wakaanza kukaba uwanja mzima, na timu niliyoisifia sikuiona tena. Mara 6, nilihesabu kwa vidole, mpira ulipotea kwa namna ileile: gadi wetu, yule wa kupandisha mpira, anaupokea chini ya ringi yetu, anaanza kuudunda, anaambaa na mstari wa pembeni, anavuka nusu ya uwanja, anasimama. Watu wawili wamemfungia. Ubavuni ana mstari wa nje, nyuma ana mstari wa kati ambao akiuvuka kurudi, refa anapuliza. Kwa hiyo anakabwa na watu wawili na mistari miwili. Na nyinyi wanne mko wapi? Mbele huko, mikono juu, "nipe, nipe!" kama wapiga debe wa Kariakoo.

Wale hawakuwa wanawakimbiza ovyo. Walikuwa wanawaswaga kama mbuzi wa jioni, na zizi lao ni ile kona.

Sheria inawapa sekunde 8 kuvuka nusu, yaani mita 14 tu. Kwa pasi mbili mpira unafika na muda unabaki. Senta, yule wa kucheza chini ya ringi, asikimbilie mbele kungoja kulishwa. Aje katikati, karibu na duara, aupokee kwa mikono miwili, auweke juu ya kichwa, ageuke, atazame. Mmoja abaki hatua chache nyuma ya gadi, awe mlango wa kutokea. Winga wa upande wa pili atimue mbio bila kungoja kuitwa. Wawili wao wakishamfuata gadi, wanabaki watatu kuwakaba wanne wenu. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza, na nyinyi mko chuo!

Nafoka kwa sababu jambo hili liliniumbua mimi mwenyewe. Nilipokuwa na umri wenu nilijiona ndiye mwenye mkono kuliko wote. Fainali ya mkoa, tunaongoza kwa pointi moja, nikaudunda mpira mpaka kona hiyohiyo nikapokonywa mchana kweupe. Kocha wetu, sasa marehemu, hakunifokea. Wiki nzima iliyofuata alitufanyisha mazoezi bila kudunda hata mara moja. Siku ya kwanza tuligombana nusura tushikane mashati. Siku ya nne tulikuwa tunavuka uwanja mzima mpira haujagusa saruji.

Nasikia mnasema hatuna mtu mrefu. Dar hii kila timu ikifungwa inamkumbuka Hasheem Thabeet. Haya, tumtaje: futi 7 na inchi 3, mtoto wa hapahapa, akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili kuchaguliwa kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Hata yeye angekuwa wenu Jumamosi, angesimama chini ya ringi kama mnazi, maana mpira usingemfikia.

Mengine upesi. Ribaundi, mpira unaorudi ukikosa ringi: mweke mtu mgongoni kwanza, ndipo uutazame mpira. Mitupo huru: acheni kucheka mkikosa. Refa: nahodha ndiye azungumze naye. Simu: kabla ya robo ya nne nilimwona mtu kwenye benchi anajipiga picha, na tulikuwa tumeshapitwa. Na shikamoo haina gharama. Mlinipita watu saba wazima, masikio yamezibwa na muziki.

Lakini nikisema kosa ni lenu tu nitakuwa mwongo. Sisi wazee tumewaachia nini? Kiwanja nilichojifunzia siku hizi kinaegeshwa magari. Mnafanya mazoezi kwa mipira miwili, mmoja umechakaa hadi unateleza kama samaki, na nauli ya timu inachangishwa kwenye kundi la WhatsApp. Mahafali yakifika, mahema na spika kubwa vinapatikana bila mtu kupitisha kofia. Halafu kombe likikosekana, tunauliza vijana wa siku hizi wana nini.

Na wewe gadi, mtoto wa mwaka wa kwanza, nilikuona umekaa peke yako, taulo usoni. Mpira ulipotelea mikononi mwako, ila waliokukimbia ni wenzako wanne. Mkono wako wa kushoto ni mzuri kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Ukishapokea, inua macho kwanza kabla hujaudunda.

Nimemwomba kocha, amekubali. Jumatano saa 11 jioni nakuja na chaki, nimchoree senta pale chini mahali pa kusimama. Ile mipira miwili jazeni upepo.

Mzee wenu wa ngazi ya tatu