Mlango wa Pangani usiuzwe

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hatujambo, na dada yako hajambo. Shahada yake ameshaipata, na mama yako tangu siku hiyo hataki kumwachia mkono. Ujumbe wako kuhusu nyumba ya babu yako ya Pangani, kwamba wewe na fundi mnataka kuibomoa mjenge upya na kuuza mlango wake, niliusoma usiku uleule. Sikukupigia simu kwa sababu jibu lake ni refu, na sehemu yake nimeiokota njiani huku Tunisia.

Tumefikia Sousse, mji wa bandari. Mji wake mkongwe umezungushiwa ukuta, na vichochoro vyake ni vya kupishana bega kwa bega, ungedhani uko Unguja. Msikiti mkuu ni wa mwaka 851. Karibu nao ipo ribati, ngome ndogo ya watu waliokuwa wakilinda pwani huku wakiabudu. Nilipanda ngazi za mnara wake mpaka juu, nikaitazama bahari. Haipwi wala haijai kama yetu. Asubuhi na jioni iko palepale, na mashua hazilali ubavu mchangani.

Siku ya tatu tukakodi gari. Huku njia yao ni kulia, na kwenye kipilefti cha kwanza nikazunguka kama niko Tanga. Lori likapiga honi, moyo ukanipasuka. Dada yako akasema taratibu, "Baba, kulia," na akawa ananikumbusha hivyo kila njia panda mpaka El Jem.

Ni kilomita sitini na kitu, na karibu njia nzima ni mizeituni tu, imepandwa kwa mistari, imeachana sana kwa kuwa mvua ni haba. Mafuta yake ndiyo yaliyoutajirisha mji ule zamani za Warumi, ulipoitwa Thysdrus. Basi mbele yako, juu ya mapaa ya nyumba za kawaida, unaona uwanja wa mawe umesimama kama jabali. Ulijengwa karne ya 3, na waliweza kukaa humo watu kama 35,000. Lakini upande mmoja uko wazi, umemegwa. Tangu karne ya 17 watu walikuwa wakichukua mawe yake kujengea nyumba za kijiji, na mengine yakafika hadi Kairouan. Nilisimama pale penye pengo nikaona uchungu. Nikakukumbuka wewe na fundi wako.

Kesho yake tukaenda Kairouan. Huo ndio mji aliouanzisha Uqba bin Nafi mwaka 670, na msikiti wake nimeutamani tangu nikiwa chuoni kwa maalimu. Umbo lake la sasa ni la karne ya 9. Niliswali humo, Salim. Niliponyanyua macho nikaona nguzo hazifanani. Hii ya marumaru nyeupe, ile ya jiwe la rangi ya waridi. Vichwa vya nyingine vina majani yaliyochongwa na Warumi. Zilitolewa kwenye majengo yaliyokwisha kuanguka. Iliyokuwa fupi mafundi waliiwekea kitako, dari ikakaa sawa. Niliiwekea mkono moja. Ilikuwa baridi, laini kama bakuli lililooshwa miaka mingi.

Uani mna visima vya maji ya mvua. Midomo yake ni ya marumaru, na kingo zimekatwa mifuo na kamba za ndoo. Kamba laini imekula jiwe kwa kupita tu. Niliingiza kidole kwenye mfuo mmoja, kikazama. Mama yako naye akaingiza chake kando yangu, tukakaa hivyo bila kusema kitu. Nilikumbuka kizingiti cha babu yako, pale katikati palipolika kwa nyayo, ulipokuwa ukikaa na kikombe chako cha uji.

Sasa nikujibu. Ukuta wa upande wa mtoni umeoza kwa chumvi, bomoeni, sina kinyongo. Nyumba ya kuangukia wapangaji siitaki. Chumba cha juu ukitaka kukijenga kwa tofali, kijenge. Wewe ndiye utakayekaa humo na watoto. Ila mlango usimuuzie yule bwana wa Dar es Salaam, hata akipandisha bei mara mbili. Uvuliwe pamoja na fremu na kile kizingiti, uingie kwenye ukuta mpya. Ukiwa mpana, fundi aongeze nafasi ya ukuta, asikate mbao. Boriti za mikoko zipimwe moja moja. Zilizo nzima zirudi juu, fupi ziwe za barazani. Mawe ya matumbawe yapangwe uani, msiyatupe kifusini wala asipewe mtu.

Mtafute yule mzee anayejua kuchoma chokaa, kabla hamjamleta mtu wa saruji. Kuta za zamani zikipakwa saruji hazipumui, na unyevu unabaki ndani. Gharama yake nitaibeba mimi.

Mama yako amenunua makroudh ya Kairouan, vile vitamu vya semolina vyenye tende ndani, amevifunga kwa ajili ya wajukuu. Tutafika Jumanne ijayo, inshallah. Kabla ya hapo ufunike mlango kwa turubai, masika yako karibu.

Baba yako