Ibada za kale zilinirudisha kanisani, msizifungie kabatini

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wa Kasarani anayedai kwamba vijana Wakatoliki wanahama kwa sababu Misa yetu imepoa. Dawa yake ni kuongeza spika, skrini na bendi, na kuachana na mambo ya Kilatini na kupiga magoti ambayo, kwa maneno yake, Wazungu wenyewe wameyatupa. Naheshimu uchungu alio nao juu ya vijana. Lakini mimi ni mmoja wa waliohama, na sikurudishwa na bendi. Nilirudishwa na hayo hayo anayotaka yatupwe.

Mimi ni fundi wa cherehani Uhuru Market, Jericho. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Ikifika Januari hata kula nasahau. Nilibatizwa na kupata kipaimara katika misheni ya Mukumu, Kakamega, ambako mama yangu aliimba kwaya tangu usichana wake, enzi za mapadre wa Mill Hill. Nilipokuja Nairobi kutafuta riziki niliwafuata rafiki zangu katika kanisa la uamsho. Tulikesha, tukafunga, tukapanda mbegu. Sitawasema vibaya, maana walinipokea nikiwa sina mtu mjini. Ila mwishowe nilichoka kuitwa mbele. Kila Jumapili nilipaswa kuwa na ushuhuda, kuwa na muujiza, kuwa na uso wa ushindi, na wiki nyingine sikuwa na lolote kichwani ila kodi ya nyumba. Nikaacha kwenda popote.

Baadaye niliingia parokia moja nikitaka kurudi. Wageni wakaambiwa wasimame wapigiwe makofi. Baada ya Komunyo ikaja harambee, kisha mnada wa ndizi na jogoo walioletwa na matoleo, kisha mheshimiwa akapewa kipaza sauti. Nilitoka kabla ya baraka ya mwisho. Nasema haya bila chuki, kwa sababu najua makanisa hujengwa kwa pesa, na pesa hizo ni lazima zitoke mifukoni mwetu. Lakini mtu anayerudi baada ya miaka mingi huingia na aibu yake, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na anachoomba moyoni ni asitazamwe. Maaskofu wetu wameliona jambo hili kwa upande wa siasa. Septemba 2021 walisema wanasiasa wasipewe nafasi ya kuhutubia ibadani, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo akakataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais na viongozi wengine katika kanisa la Soweto hapa Nairobi. Mimi naona hatua hiyo inafaa kufika hadi kwenye namna yenyewe tunavyosali.

Mama alifariki 2020, miezi ile ya korona, serikali iliporuhusu watu 15 tu mazishini. Makanisa yalikuwa yamefungwa. Katekista alisoma sala kwa haraka, tukatupa udongo, tukaambiwa tutawanyike. Mwanamke aliyewaimbia wafu wa kijiji kizima maisha yake yote akazikwa bila wimbo. Nilirudi Nairobi na jambo hilo likanikaa kifuani, sikuwa na pa kulipeleka.

Mwaka uliofuata akaja kibandani padre mmoja mzee, amebeba mfuko wa karatasi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Mdomo ukajibu wenyewe: "Milele na milele, amina."

"Mama, nimeambiwa una mkono mzuri. Bitana ya hii imeoza, lakini hariri yake bado nzima. Tazama kama inaokoka."

Ilikuwa kasula nyeusi, vazi la juu ambalo padre huvaa kwenye Misa, ya mtindo wa zamani, ule uliokatwa mabegani ili mikono iwe huru, na imezungushiwa utepe wa rangi ya fedha. Nataka kueleza nilichokiona, kwa kuwa kwangu ndipo kila kitu kilipogeukia. Sisi mafundi huweka pambo mbele, pale mteja atakapotazamwa: kwenye kola, kifuani, mfukoni. Vazi hili mbele lilikuwa na utepe mwembamba tu. Kazi yote ya mkono, msalaba mkubwa wa nyuzi kutoka shingoni hadi kwenye pindo, ilikuwa mgongoni. Nikamuuliza kama aliyelishona alikosea. Akanieleza kwamba enzi hizo padre alisimama upande mmoja na waumini, wote wakielekea altare pamoja, kwa hiyo walichokiona watu muda mrefu wa Misa ni huo msalaba, wala si uso wake. Akaongeza kuwa kila vazi lina sala yake wakati wa kulivaa, na ya kasula humkumbuka Bwana aliyesema nira yangu ni laini na mzigo wangu ni mwepesi.

Nilifumua bitana ile taratibu, nikiwaza. Mtu aliyetumia miezi kulishona vazi hili alijua kwamba atakayelivaa hataliona pambo lake, na alijua kwamba sura ya padre, ucheshi wake na ufundi wake wa kuhubiri havitahitajika hapo. Anayeingia mlangoni pia hahitajiki kuwa na uso wowote maalumu. Wote wanaangalia kwingine. Hicho ndicho nilichokitafuta kwa miaka nisijue pa kukipata.

Alipokuja kuichukua nilikataa pesa. Nikamwomba Misa kwa ajili ya mama.

"Rangi hii unajua ni ya nini?" akauliza.

"Ya wafu, Padre."

"Basi njoo Jumamosi asubuhi. Na uje mapema, nitakuwa kitubioni."

Nilikwenda mapema, nikaungama. Yaliyosemwa kitubioni ni ya kitubioni. Misa yenyewe ilikuwa ya misale hii ya sasa, yaani kitabu cha sala za Misa tunachotumia leo, masomo kwa Kiswahili, lakini akina mama wazee wa jumuiya yao waliimba sehemu za Misa kwa Kilatini kama walivyofundishwa utotoni: Kyrie (Bwana utuhurumie), Sanctus (Mtakatifu), Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), na mwanzoni kabisa Requiem aeternam, maneno yale yale tunayosali sote makaburini, raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Hawakuwa na kinanda. Sauti zao zilitetemeka na hazikulingana, ila nyimbo hizi hazidai sauti nzuri. Hakuna aliyesoma wasifu wa marehemu, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Uvumba ulipopanda nililia kilio nilichonyimwa siku ya mazishi, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Sasa nijibu hoja yenyewe, maana msomaji wa Kasarani hayuko peke yake. Wengi husema Kilatini ni cha Wazungu. Wakristo wa Carthage, nchi tunayoiita Tunisia leo, waliandika na kusali kwa Kilatini wakati Kanisa la Roma lenyewe bado lilitumia zaidi Kigiriki. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, alikuwa mtu wa huko, na Mtakatifu Agostino akafuata baadaye katika ukanda huo huo. Papa Victor wa Kwanza, aliyeliongoza Kanisa mwishoni mwa karne ya 2, alikuwa Mwafrika. Mama yangu hakuyajua hayo, wala hayakumsumbua. Aliimba Misa ya Malaika, nyimbo za Misa za Kilatini, kwa moyo wote, kisha akaenda nyumbani akaimba za kwao, na hakuona ugomvi kati ya viwili hivyo.

Wengine husema Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, uliyafuta haya yote. Nimemwomba padre anisomee, tukasoma pamoja. Hati ya Mtaguso juu ya liturujia, iliyopitishwa tarehe 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4, inasema katika kifungu cha 36 kwamba Kilatini kitunzwe. Kifungu cha 54 kinataka waumini waweze kusali au kuimba pamoja, hata kwa Kilatini, sehemu za Misa zinazowahusu. Kifungu cha 116 kinazipa nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kilatini, nafasi ya kwanza, mambo mengine yakiwa sawa. Hati hiyo hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa lugha zetu na desturi zetu, na ndiyo maana leo tuna ngoma na kayamba altareni. Sitaki ngoma ziondoke. Jumapili ya Pasaka mimi nami huchezesha mabega. Ninachokataa ni kusoma nusu ya ukurasa na kuchana nusu nyingine.

Hata rangi nyeusi haijafutwa. Maelekezo ya Misale ya Roma, namba 346, yanairuhusu katika Misa za wafu pale ilipo desturi. Na mwaka 2004 Vatikano ilikumbusha kwamba padre anaweza kuadhimisha Misa kwa Kilatini popote, isipokuwa zile Misa ambazo viongozi wa Kanisa wamepanga ziwe kwa lugha ya watu. Misa kwa misale ya 1962, ile ya zamani kabla ya mageuzi ya Mtaguso, ni jambo jingine. Papa Benedikto wa 16 aliilegezea mwaka 2007, Papa Fransisko akaibana mwaka 2021 na kuiweka chini ya ruhusa ya askofu. Mimi ni mtoto wa Kanisa, namsikiliza askofu wangu, wala simo katika kundi lolote linalogombana naye. Ninayoyaomba hapa hayahitaji kumsumbua mtu yeyote huko Roma.

Kuhusu vijana: msichana ninayemfundisha kushona ana umri wa miaka 19. Alhamisi jioni tukifunga kibanda hunifuata kwenye Saa Takatifu, saa ya kusali kimya mbele ya Ekaristi. Yeye ndiye hunikumbusha nikichelewa na oda. Anasema siku nzima simu inampigia kelele na wateja wanampigia kelele, na saa ile ndiyo pekee ambayo hakuna anayemtaka aseme kitu. Wanapoimba Tantum ergo, ule wimbo wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na padre akainua Ekaristi kutubariki, kengele ikilia, msichana huyu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huinama hadi paji la uso likagusa benchi. Hakufundishwa na mtu. Mji huu ndio uliopokea Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa, Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili akalifunga Uhuru Park. Mama alikuja kwa basi la parokia na alilisimulia hadi uzeeni. Inaniuma kuona parokia za mji huo huo zikiruka Baraka ya Sakramenti Kuu kwa sababu muda umekwenda kwenye matangazo.

Kwa hiyo mapadre wetu wa Nairobi, nawaomba kama mama anavyowaomba wanawe. Kaeni kitubioni nusu saa kabla ya Misa, hata kama siku ya kwanza hatakuja mtu, kwa sababu anayerudi hana ujasiri wa kupiga simu kuomba miadi. Msiiondoe Baraka kwenye ratiba. Watoto wa katekisimu wafundishwe Kyrie, Sanctus na Agnus Dei wakati bibi wanaozijua wangali hai, maana wakiondoka hao itabidi tujifunze kwa rekodi. Wanaotaka kupokea Komunyo wamepiga magoti wasikaripiwe mbele ya watu, Kanisa linawaruhusu. Mnada na harambee vifanyike nje, baada ya baraka, na tutatoa tu.

Na kabla ya kuchoma au kugawa mavazi ya zamani yaliyoko sakristia, yafungueni muyatazame upande wa mgongoni. Yakiwa yamechanika, niko tayari kuyarekebisha bila malipo ya ufundi. Parokia ije na bitana na uzi tu, mwezi wowote isipokuwa Januari.

Fundi wa cherehani,
Jericho, Nairobi