Kwa Mdogo Wangu Aliyeko Colorado: Mama Alipika Pombe

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa shangazi, na kwa wengine ambao sikutarajia uwaeleze, kwamba nilikudhalilisha msibani kwa kusema hadharani kuwa marehemu mama yetu alikuwa mpika pombe. Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma bila kuujibu. Nakuandikia hapa, mahali ambapo najua husoma, kwa sababu lawama umezitangaza kwa watu, nami sioni kwa nini jibu lake lifichwe.

Jambo hili halikuanzia msibani. Lilianza Colorado Springs, huko Marekani, jioni ile ya kuamkia harusi yako, ulipotupeleka mimi na wakwe zako kula kwenye mkahawa wa Phantom Canyon. Mahali pale nilipapenda, na sitaki uwaambie watu kwamba nilikwenda na kinyongo. Ulitusimulia historia ya jengo kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwako tangu utoto: kwamba lilijengwa mwaka 1901 kuwa ofisi za kampuni ya reli, mwaka 1909 likageuzwa kuwa Hoteli ya Cheyenne, baadaye likachakaa likanusurika kubomolewa, hadi mwaka 1993 lilipofunguliwa upya kuwa mkahawa unaopika bia yake humohumo ndani. Ulisema ni aibu kubomoa jengo ambalo watu wamelala, wamekula na kuagana ndani yake. Nilikubaliana nawe, na hadi leo nakubaliana nawe.

Kisha zikaletwa glasi ndogondogo zimepangwa juu ya kibao, na yule kijana mhudumu akaanza kutueleza namna bia inavyotengenezwa. Sikuhitaji kutafsiriwa. Nafaka inalowekwa, inaachwa iote, inakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na chachu inaila sukari hiyo na kuacha kileo na povu. Wao hutumia shayiri, hukikausha kimea kwa joto la tanuri, na huongeza hopsi, maua machungu ya mmea, ili bia iwe na uchungu na isiharibike upesi. Mama alitumia mtama, au uwele mwaka ambao mtama ulikuwa haba, akauotesha ndani ya gunia lenye unyevu na kuuanika juani. Ujimbi, hiyo pombe yetu ya Kigogo, hauna hopsi na hunywewa ungali unachacha, ndiyo maana haukai. Wao hupima joto kwa kipimajoto, naye alichovya kiwiko chake ndani ya ndoo, akatulia kidogo, kisha akasema, "Bado," au akasema, "Haya, leteni kimea." Nilikaa pale nikiwa na fahari ambayo sijui kama niliwahi kuwa nayo kabla, kwa sababu kazi iliyokuwa ikisimuliwa kwa heshima namna ile ilikuwa kazi ya mama yetu.

Baba mkwe wako akatuambia habari za John Hickenlooper, mmoja wa waanzilishi wa mahali pale, mwanajiolojia aliyepunguzwa kazini ambaye mwaka 1988 alifungua na wenzake mkahawa wa bia wa Wynkoop mjini Denver, kisha akawa meya wa mji huo, akawa gavana wa Colorado, na sasa ni seneta. Nikasema moyoni kwamba hapa ndipo mdogo wangu atakapomtaja mama. Mzee yule alikufungulia mlango mwenyewe, maana alikugeukia akauliza kama na kwetu watu hupika bia yao.

Ulijibu kwamba Wagogo wana pombe ya mtama, lakini familia yetu haikuhusika na mambo hayo, na kwamba mama yetu alikuwa akiuza vitambaa sokoni. Kiingereza hicho nilikielewa chote. Hukunitazama. Ulichukua ile glasi yenye bia nyeusi, ukainusa kama tulivyoelekezwa, ukasema inanukia kimea kilichokaangwa. Ulisema kweli. Lakini harufu ya kimea uliijulia wapi, mdogo wangu, kama si kwenye turubai la uani kwetu Chang'ombe, Dodoma, ulikokuwa ukiwekwa kufukuza kuku?

Najua sababu zako, na sizidharau. Nakumbuka shuleni walivyokuita mtoto wa kilabuni, na ile siku uliporudi huku shati limechanika ukakataa kusema aliyekuchania. Nakumbuka kanisani mama alipozuiwa kushiriki meza ya Bwana mpaka aache biashara ile, naye akaendelea kukaa benchi la nyuma kila Jumapili, kwa sababu angeiacha ungefukuzwa shule. Ada yako ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye lile pipa la bluu. Chuo cha ualimu mimi nilikiahirisha ili awepo mtu wa kusaga na kuchuja, na sikuwahi kukudai shukrani kwa hilo, wala sikudai leo.

Ndiyo maana, kama dada yako, nakushauri umweleze wifi yangu ukweli huo mapema na kwa mdomo wako, kwa sababu watoto wenu watakapouliza habari za bibi yao hawatatosheka na vitambaa. Mimi nilipopewa nafasi ya kusoma wasifu wa marehemu nilikuwa na karatasi uliyotuma wewe, yenye maneno "mfanyabiashara wa nguo". Mbele yangu walikaa akina mama waliopokezana naye mwiko, na wazee waliokunywa kwake tangu walipokuwa vibarua wa reli. Ulitaka nisome maneno yale mbele ya watu hao? Nilisema alipika ujimbi, kwamba hakuuza uliochacha kupita kiasi, na kwamba kwa kazi hiyo alisomesha watoto. Wazee wakaitikia. Ulikuwa unatazama kwa simu, ukakata. Sikukutaja jina, na jambo la vitambaa sikuligusa hadi leo.

Na sasa unataka nyumba ibomolewe yote, pamoja na banda la kupikia, tujenge fremu za maduka, kwa kuwa tangu serikali ihamie Dodoma na treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kufika hapa mwaka 2024 viwanja vimepanda bei. Hesabu yako siipingi. Ninachoshindwa kukielewa ni kwamba mtu aliyeumia namna ile kwa ajili ya hoteli ya watu wengine anaweza kuandika neno "banda" akaliwekea mbele "lile chafu". Kwenye nguzo ya kushoto bado ipo mistari ya mkaa, deni la kila mteja, kwa mkono wake mama ambaye hakwenda shule. Ulijifunza kuhesabu pale.

Mahakama imeniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi, nami sitatia saini ya kubomoa banda. Upande wa barabara fremu zijengwe hata mwaka huu. Michoro nitakutumia, na gharama na kodi tutagawana sawa. Banda libaki, mabati yake yabadilishwe kabla ya mvua za Desemba, na fundi nimekwisha kuzungumza naye. Kama hukubali, niandikie sababu zako wewe mwenyewe, wala usimtume shangazi tena.

Dada yako