Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: Karakana Zinahama, Vijana Wanazifuata

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo kina kipya cha bandari na reli iliyofufuliwa haviwezi kulimaliza peke yake, nalo ni namna ofisi za umma zinavyomtendea mwenye biashara ndogo anayeajiri watu wachache.

Katika sensa ya 1967 Tanga ilikuwa mji wa pili kwa wakazi Tanzania Bara, ikitanguliwa na Dar es Salaam pekee. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 393,429 katika jiji letu, na Mwanza, Dodoma, Arusha na Mbeya zote zimetupita. Nyuzi za plastiki ziliangusha bei ya mkonge, zao lililoubeba mji huu, hilo halina ubishi, lakini maamuzi ya serikali nayo yalichangia, kwa kuwa mashamba mengi yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yalikosa mtaji na usimamizi.

Hapa Ngamiani, karakana moja ya samani imepakia mashine zake kwenye Fuso na kuhamia Dar es Salaam. Ukutani mwake palikuwa na leseni ya biashara, cheti cha zimamoto na cheti cha usalama mahali pa kazi, kila kimoja na tarehe yake ya kuisha na ofisi yake ya kufuatilia. Juu ya hayo upo ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo wala si kwenye faida, hivyo hata aliyepata hasara hulipa. Sheria ni hizo hizo Dar es Salaam, ila kule wateja ni wengi kiasi cha kuubeba mzigo huo. Hapa fundi anafunga. Mwenyewe hakatai kulipa. Kilichomchosha ni kutojua nani atabisha hodi kesho na atadai nini. Vijana wake wa kazi wamemfuata, na waliobaki wanaendesha bodaboda.

Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ulioanza kutekelezwa 2019, ulikusudia kupunguza tozo na ukaguzi unaojirudia. Naomba kwa heshima usimamie mambo mawili: wakaguzi wote wafike kwa pamoja, kwa tarehe inayojulikana, na orodha kamili ya tozo ibandikwe katika kila ofisi ya kata kabla ya Julai. Aidha, halmashauri zinapokuletea idadi ya leseni mpya, uzidai pia idadi ya biashara zilizofungwa na sababu zake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga